Mtoto Anayekataa Kila Agizo



Mara nyingi hapa tunazungumza juu ya kofia ngumu, viatu vya kazi, vumbi la mawe na kuta za shimo zinazoporomoka wakati wa mvua. Leo tunaeleza hatari inayoanzia nyumbani. Mtu akifika kazini hajalala, moyo umejaa hasira na aibu, macho yake hayaoni ufa katika ukuta wa shimo. Mguu wake unateleza pale ambapo jana haukuteleza.

Katika kambi na vijiji vya Kailo ziko jamaa zisizopata usingizi kwa sababu ya mtoto mmoja ambaye hawamwelewi. Jamaa hizo hunyamaza, kwa kuwa zinaogopa kusemwa. Makala hii ni yao. Ni ya majirani wao pia, ambao maneno yao yanaweza kuponya au kuumiza.

MTOTO GANI HUYU?

Tuseme ni mtoto wa miaka saba. Ukimwambia, "Vaa shati, twende," anajitupa chini. Ukimwambia, "Njoo ule," anasema mkono unamuuma, au tumbo, au anaanza kuimba kwa nguvu ili asikusikie. Ukikaza sauti, anapiga, anauma, anavunja sahani, anakimbia nje.

Jambo la ajabu ni kwamba anakataa hata vitu anavyovipenda. Tangu alfajiri alikuwa akililia kwenda sokoni. Mama anaposema, "Haya, simama twende sokoni," anakataa kabisa. Kesho yake, bila kuambiwa na mtu, amevaa mwenyewe na amesimama mlangoni.

Mtoto huyo huwa na alama nyingine. Labda alichelewa kusema. Au anasema vizuri kama mtu mzima, lakini hajui lini amwachie mwenzake nafasi ya kujibu. Anapenda kitu kimoja kupita vyote, kama magurudumu ya pikipiki, na juu ya hicho anaweza kukaa siku nzima. Mvua kubwa juu ya mabati, mchi unaotwanga sombe kwenye kinu, injini ya umeme, shati lenye mshono mgumu shingoni: mambo ambayo sisi hatuyatambui, yeye yanamchoma. Mpango wa siku ukibadilika ghafula, anavurugika.

Kila mtoto hukataa, na mtoto wa miaka miwili au mitatu hukataa zaidi. Hiyo ni njia ya kukua. Tunayemsema hapa ni yule anayekataa kila siku, mwaka baada ya mwaka, hata mambo madogo sana, na kukataa kwake kunaishia katika kilio na hofu.

USONJI NI NINI?

Tanzania na Kenya hali hii wameipa jina la usonji. Wanganga wetu waliosomea Kifaransa husema otisimu. Mtoto huzaliwa nayo. Ubongo wake unapokea sauti, mwanga, maneno na nyuso za watu kwa namna isiyo sawa na ya wengi.

Mwaka 1943 munganga Leo Kanner wa mji wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11 wa namna hii. Mwaka uliofuata, 1944, Hans Asperger wa Vienna aliandika habari za wengine. Watu walidhani ni jambo la Ulaya na Marekani tu. Lakini mtaalamu Victor Lotter alipowatafuta watoto hao katika miji 9 ya nchi 6 za Afrika, Kenya na Zambia zikiwemo, aliwakuta, akaandika habari zao mwaka 1978. Shirika la Afya Duniani, OMS, linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu mmoja kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa hesabu hiyo, kambi yenye watu 1000 ingekuwa na watu wapatao wanane.

Tangu miaka ya 1980 mtaalamu wa saikolojia Elizabeth Newson wa Nottingham, Uingereza, alieleza habari za watoto wanaofanana na wenye usonji, lakini wanaokwepa maagizo ya kila siku kupita kiasi. Mwaka 2003 yeye na wenzake walichapisha maelezo yao katika gazeti la wanganga. Wataalamu wangali wakibishana kuhusu jina, na OMS haijaiandika kama hali ya peke yake katika orodha yake ya magonjwa. Hata hivyo, wazazi wa nchi nyingi wanamtambua mtoto huyo mara wanaposikia akielezwa.

NANI MWENYE KOSA?

Hakuna. Sehemu kubwa ya usonji inatokana na urithi wa damu na jinsi ubongo unavyojengwa kabla mtoto hajazaliwa.

Zamani hata wasomi wakubwa walisema kwamba mama asiye na upendo ndiye anayemharibu mtoto. Maneno hayo yaliwaumiza akina mama wengi. Mwaka 1964 Bernard Rimland wa Marekani, mtaalamu wa saikolojia na baba wa mtoto mwenye usonji, alitoa kitabu kilichoonyesha kwamba chanzo kiko katika mwili, wala si katika malezi ya mama. Leo wanganga hawafuati tena yale ya zamani.

Wengine husema ni chanjo. Mwaka 1998 Andrew Wakefield, munganga wa Uingereza, aliunganisha chanjo ya surua na usonji. Mwaka 2010 gazeti lililochapisha maneno yake liliyafuta, naye akaondolewa katika orodha ya wanganga. Surua inaua watoto, chanjo inawalinda. Mpeleke mtoto achanjwe.

Jambo moja la huku kwetu tulikumbuke. Mwaka 2006 wanganga waliochunguza watoto 20 huko Tanzania waliandika kwamba kwa wachache wenye usonji kati yao alama zilianza baada ya malaria kali iliyopanda kichwani. Basi mtoto mwenye homa kali na mishtuko asingoje hata usiku mmoja nyumbani.

KENGELE INAYOLIA BILA JIWE KUANGUKA

Kwa nini mtoto anakataa hata kitu anachokipenda? Mchimbaji ataelewa upesi.

Kila mmoja wetu ana kengele ya hatari mwilini. Ukisikia jiwe linapasuka juu yako, hungoji kufikiri. Moyo unapiga mbio, mikono inatoa jasho, miguu inaruka. Kwa mtoto huyu kengele hiyo inalia kwa urahisi mno. Neno "fanya" peke yake linaiamsha. Anasikia kwamba ameondolewa usukani wa mwili wake, na mwili wake unajibu kama vile paa la shimo linashuka. Anakwepa kwa visingizio. Visingizio vikishindwa, anapigana au anakimbia.

Kumbe hakatai ili akudharau. Anakataa kwa sababu anaogopa, hata kama hofu hiyo hawezi kuitaja. Ndiyo maana fimbo haimfundishi. Mtu anayekimbia jiwe ukimpiga fimbo, atakimbia zaidi.

Jambo lingine linawachanganya wazazi. Mtoto huyo huyo masomoni anaweza kukaa kimya, mwalimu akamsifu. Akifika nyumbani tu, analipuka. Majirani wanasema, "Mnaona? Wazazi ndio hawajui kulea." Lakini fikiri juu yako mwenyewe. Siku nzima umevumilia maneno ya kapita bila kujibu. Jioni nyumbani kitu kidogo kinakukasirisha. Mtoto naye amejikaza siku nzima. Anaweka mzigo chini pale anapojiona salama, na pahali hapo ni kwako.

MIOYO YA WAZAZI

Juu ya mtoto watu husema mengi. Juu ya moyo wa mzazi husema machache. Tuseme wazi, kwani jambo lililotajwa hupungua uzito.

Aibu. Mtoto anajitupa chini karibu na chemchemi ya maji, na foleni yote inageuka kutazama. Kanisani au msikitini watu wanaguna. Mwishowe mama haendi tena harusini, haendi hata kilioni. Anabaki peke yake na mtoto, na upweke unakuwa ugonjwa wa pili.

Hasira. Umeomba mara kumi, umebembeleza, umeimba. Mara ya kumi na moja mkono unanyanyuka. Baadaye, mtoto amelala, unamtazama na unajichukia. Hasira hiyo inawapata wazazi wema pia. Inatoka katika uchovu. Lakini mkono lazima uzuiwe.

Huzuni. Mtoto alipozaliwa, kila mzazi alijichorea picha: atasoma, atakwenda Kindu, atanisaidia uzeeni. Picha hiyo ikichanika, mzazi anaomboleza ingawa mtoto yuko hai mbele yake. Ndugu hawaleti pole kwa kilio hicho, kwa sababu hawakioni.

Wivu. Mtoto wa jirani anatumwa chumvi mara moja tu, anakimbia. Unamtazama, na kitu kinakuchoma kifuani. Wivu huo hauonyeshi kwamba humpendi wako.

Kujiona umekataliwa. Unamwambia, "Njoo nikukumbatie," anageuka. Kwa mzazi hilo linauma kuliko kupigwa. Lakini kwa mtoto huyu hata "njoo" ni agizo. Kaa karibu naye bila kusema neno. Mara nyingi atakuja mwenyewe kuegemea bega lako. Hayo ndiyo mapenzi yake, yapokee.

Ugomvi wa mume na mke. Baba anasema, "Wewe ndiwe umemdekeza." Mama anajibu, "Wewe unakimbilia nganda, mimi ninabaki naye." Wote wawili wamechoka, na kila mmoja anaona uchovu wake tu.

Woga wa kesho. "Nikifa, nani atamvumilia?" Swali hilo huja usiku. Dawa yake ni kumwingiza mtu mwingine mapema, shangazi, mjomba au dada mkubwa, ajifunze njia za mtoto huyo wakati ninyi mngali na nguvu.

Liko neno moja ambalo wazazi hawalisemi: "Afadhali asingalizaliwa," au "Afadhali nisiwepo mimi." Wazo hilo likikujia, si wewe wa kwanza. Ni alama kwamba mzigo umepita nguvu zako. Usibaki nalo peke yako. Siku hiyo hiyo mpe mtu mwingine mtoto, mwambie mwenzako au munganga wazi, bila kuzunguka.

NENO LA UCHAWI

Mtoto asiyetazama watu machoni, anayecheka peke yake, anayeamka usiku wa manane, watu humwita mchawi upesi. Wengine humpeleka kwa mfumu au kwa nabii, akafungwa kamba, akanyimwa chakula, akamwagiwa vitu machoni. Mtoto aliyekuwa na hofu anatoka huko na hofu mara mbili, kama anatoka.

Sheria ya nchi yetu inakataza. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, inakataza kumshitaki mtoto kwa uchawi. Sheria ya tarehe 10 Januari 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamwekea anayefanya hivyo adhabu ya kifungo. Na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Mzazi, ukiambiwa na ndugu au mchungaji kwamba mwanao ni mchawi, una haki ya kusema hapana, na sheria iko upande wako.

MAMBO YA KUFANYA NYUMBANI

1. Punguza maagizo. Yagawe mafungu matatu. La kwanza ni ya usalama: moto, maji, panga, barabara. Hayo hayana mjadala. La pili ni ya lazima yanayoweza kungoja: kuoga, kula pamoja na wengine. La tatu ni yale tunayodai kwa mazoea tu. Fungu la tatu liache, na la pili lifanye polepole.

2. Badili namna ya kusema. Mahali pa "Oga sasa," sema, "Maji yako tayari kwenye ndoo," kisha ondoka. Au mpe achague: "Ndoo nyekundu au ya buluu?" Au fanyeni pamoja: "Mimi ninaosha mguu huu, sijui nani ataosha ule." Usukani ukiwa mkononi mwake, kengele hulala.

3. Mpashe habari mapema. Mwonyeshe mambo ya siku kwa mpangilio, hata kwa vijiti chini. Jambo likibadilika, mwambie kabla.

4. Akilipuka, punguza kila kitu: sauti, watu, maneno. Ondoa vitu vinavyoweza kuumiza. Kaa karibu, si juu yake. Usimwulize, "Kwa nini?" Wakati ule hawezi kujibu. Ngoja.

5. Usimpige, usimfunge, usimcheke mbele za watu.

6. Yakiisha, rudi kwake kwa upole. Mpe maji. Kama ulipiga kelele, mwambie, "Nilichoka, ninakupenda." Mtoto hujifunza amani kwa kuona jinsi inavyorudi.

7. Wakumbuke watoto wengine. Mtoto anayetii ndiye anayetumwa daima na kusahauliwa. Mpe saa yake peke yake, mweleze hali ya ndugu yake kwa maneno mepesi.

Wazee watasema, "Huku ni kumdekeza. Samaki mkunje angali mbichi." Methali hiyo ni ya kweli, lakini mkunjaji mwema anamjua samaki wake. Yuko anayekunjika, yuko anayevunjika. Mtoto huyu atajifunza kazi, adabu na usafi. Anajifunza kwa njia ndefu zaidi. Wazee wakaribishwe, wakae naye siku mbili, waone kwa macho yao.

PEANENI ZAMU

Mgodini hatumwachi mtu mmoja afanye zamu ya mchana na ya usiku mfululizo. Tunajua atajiumiza, au atamwumiza mwenzake. Basi kwa nini nyumbani tunamwachia mama zamu zote?

Baba, ukirudi kazini, nawa, kula, kisha chukua zamu yako, hata saa moja tu. Mama atoke, akae na wenzake, au alale. Saa hiyo ni sehemu ya matunzo ya mtoto. Jirani mwema anaweza kufanya vivyo hivyo: asilete shauri, alete mikono yake kwa nusu saa. Kama ziko jamaa mbili zenye watoto wa namna hii, zijuane. Mama anayesema, "Hata wangu yuko hivyo," anaponya kuliko dawa nyingi.

Na lotoko? Inakopesha usingizi wa usiku mmoja na kudai hasira ya siku tatu. Mtu aliyelewa hana subira, na mtoto huyu anahitaji subira kuliko kitu chochote.

Asubuhi kabla ya kazi jiulize: Nimelala saa ngapi? Mikono yangu inatetemeka? Nimekwisha kugombana na mtu leo? Kama hali ni mbaya, mwambie kapita akupe siku hiyo kazi isiyo ya hatari. Nanyi makapita, mtu akisema neno hilo msimcheke. Amewaokoa ninyi pia.

MASHIMO YENYE MAJI

Hapa Kailo kasiteriti na wolframu vilichimbwa tangu wakati wa Wabelgiji, na uchimbaji wa mikono umeongeza mashimo. Mengi yamejaa maji ya mvua. Watoto wenye usonji hupenda kutoroka kimya, na wengi wao huvutwa na maji. Marekani, ambako wamehesabu, waliona kwamba kuzama ni mojawapo ya sababu kubwa za vifo vya watoto hao wanapotoroka.

Kwa hiyo: weka komeo la juu mlangoni, mahali ambapo mkono wake haufiki lakini mtu mzima anafungua upesi. Waonyeshe majirani mtoto huyu, wajue jina lake na kwamba huenda hataitika akiitwa. Akipotea, tafuteni kwanza penye maji, ndipo mwende kwingine. Anayeona shimo karibu na nyumba lisilo na uzio atoe habari siku hiyo hiyo. Mtoto afundishwe kuogelea ikiwezekana.

MSAADA WA WANGANGA

Anza kwenye dispanseri. Mwombe munganga apime masikio, kwani asiyesikia naye haitiki akiitwa. Aangalie kama kuna kifafa, maana mara nyingi kinafuatana na usonji, nacho kina dawa. Aangalie minyoo, meno na tumbo. Mtoto asiyeweza kueleza maumivu huyaonyesha kwa vurugu. Kisha aandike barua ya kwenda hospitali ya Kindu.

Zaidi ya hapo, Bukavu kuna kituo cha SOSAME, Goma kuna Tulizo Letu, na Kinshasa kuna kituo cha Chuo Kikuu kinachoitwa CNPP. Vituo hivyo hutunza magonjwa ya akili na ya neva. Usonji si wazimu, lakini huko wako watu waliosomea mambo haya, nao humpokea mzazi aliyechoka vilevile.

Dawa ya kumaliza usonji haipo. Anayekuuzia, awe na chupa au na sala ya malipo, anakula fedha yako. Kinachosaidia ni kumwelewa mtoto, kumfundisha polepole, na wazazi kubaki na nguvu.

Kila mwaka tarehe 2 Aprili ni siku ya usonji duniani, iliyowekwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2007. Siku hiyo ikifika, tuwatembelee jamaa zenye watoto hawa, tukae nao, tule nao. Mtoto akikataa kutusalimu, tusikasirike. Tumsalimu sisi, kisha tumwache aje kwa wakati wake.

Mfanyakazi, linda kichwa chako kwa kofia. Linda moyo wako kwa kusema na wenzako. Nyumba yenye amani ni mwanzo wa kazi salama.